Kinachokula Mawe

Nyumbani kwetu Nachingwea redio ilikuwa ya baba, na hakuna mwingine aliyeigusa. Ilikula mawe manne. Ndivyo tulivyoziita betri kavu, na hadi leo wazee wanasema hivyo. Mawe yakichoka, mama aliyaanika juani pembeni ya mihogo, na jioni redio ikapata sauti ya siku mbili tatu zaidi. Yakifa kabisa tuliyapasua sisi watoto. Ule ujiti mweusi wa katikati tulichorea sakafuni, na unga wake mwalimu aliutaka kwa ajili ya kupaka ubao.

Juni 1975 baba alinunua mawe mapya yote manne kwa mpigo. Wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji walikuwa na kambi yao hapa hapa Nachingwea, tulizoea kupishana nao njiani, na tarehe 25 nchi yao ilikuwa inapata uhuru. Majirani walijaa uani kusikiliza. Nilikuwa na miaka saba, na nakumbuka zaidi mkono wa baba uliokaa juu ya kitufe cha sauti usiku mzima.

Miaka ya 1980 alipata redio ya kanda, nayo ilikuja na sheria zake. Redio peke yake, mawe hufika mwezi. Ukipandisha sauti, wiki zinapungua. Ukipiga kanda, hesabu siku, maana ndani kuna mota inayozungusha. Kurudisha kanda nyuma kwa mashine ilikuwa dhambi: tuliichomekea kalamu ya Bic na kuizungusha kwa mkono. Mawe yalikuwa adimu madukani miaka ile, na baba, ambaye hakusoma umeme popote, alijua kila kazi ya redio inakula kiasi gani.

Nayasema haya kwa sababu elimu hiyo niliipoteza, na niliipoteza nikiwa fundi wa simu.

Mwaka 2006 nilifungua kibanda cha kuchaji simu. Nilikuwa na paneli moja ya sola, betri ya gari, na kile kibanio cha betri tulichokiita kobe. Watu walitoka vijijini, hata kutoka upande wa Ruangwa, wakaacha Nokia 1100 zao nimezibandika karatasi za majina, wakaenda sokoni. Shilingi 300. Simu zile zilikaa na chaji siku nne, tano, na zilionyesha vipau tu: vimejaa, vimepungua, vimekwisha. Hakuna aliyeuliza kilichokula. Mtu akilalamika, nilimwambia betri imekufa, anunue nyingine, na nilikuwa nayo ya kumuuzia. Baadhi ya zile betri hazikuwa zimekufa. Najua sasa, na linaniuma, kwa sababu waliozinunua walikuwa wakulima wanaosubiri fedha za korosho.

Mama, baada ya baba kufariki, alirudi kwa ndugu zake upande wa Ruangwa. Mwaka 2017 nikampelekea simu janja ili aone picha za wajukuu. Ikawa inazima kabla ya adhuhuri. Nilibadilisha betri. Ikazima. Nikawalaumu watoto wa pale nyumbani, kwamba wanacheza nayo michezo na kutazama video, na nikawakemea mbele ya wenzao. Mama alinyamaza mpaka nilipomaliza.

"Mwanangu, watoto hawaigusi. Iko kabatini. Inakula kama ile kanda ya baba yako, inazunguka peke yake."

Hapo ndipo nilipoketi na kufungua mipangilio, sehemu ya betri, kitu ambacho Android imekuwa nacho tangu 2009 na mimi fundi sikuwahi kukisoma hadi mwisho. Kulikuwa na orodha. Juu kabisa haikuwa WhatsApp, wala kioo, ambacho kwa kawaida ndicho mlaji mkubwa. Juu yalikuwa mawasiliano ya mnara, na nilipoyagusa yalinionyesha kwamba sehemu kubwa ya siku simu ilikuwa haina mtandao kabisa.

Mnara ulikuwa mbali, nyuma ya kilima. Simu isiyosikia mnara hailali, hutafuta. Ikiusikia kwa mbali, hupaza sauti yake, na kwenye masafa ya megahazi 900 ya 2G sauti hiyo hufika hadi wati 2. Ile simu ilishinda kabatini ikipiga kelele ambazo sisi hatukuzisikia. Nilitoka nje nikawaomba radhi wale watoto, mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo naisoma orodha ile kwa makini, nayo ina mipaka yake. Simu haina mita kwa kila programu. Inachojua ni muda: kioo kiliwaka dakika ngapi, prosesa ilifanya kazi kwa ajili ya nani, redio ya kuongea na mnara ilikuwa wazi kwa saa ngapi. Muda huo huuzidisha kwa kiwango ambacho mtengenezaji ameandika kwa kila kifaa. Kiwango kikiandikwa ovyo, asilimia hupotoka. Ndiyo maana sikubali kijana akinionyesha namba moja na kuhitimisha. Namwambia aipe simu siku nzima, aibadilishie mahali, kisha alinganishe.

Siku hizi kuna jambo jingine linalonishika nikifungua simu mezani. Betri za lithiamu-ioni, ambazo Sony ilianza kuziuza 1991, siku hizi kwa kawaida upande wake hasi umepakwa kinywe, yaani grafiti. Na kinywe kiko Ruangwa, Chilalo na Matambarale, chini ya ardhi ambayo mama alitembea na jembe. Ni kaboni, jamaa wa ule ujiti mweusi tuliochorea sakafu.

Mama sasa amepigilia msumari dirishani, upande unaotazama mnara, na simu inaning'inia hapo ndani ya kikapu kidogo. Nimeiwekea 2G peke yake, na usiku anaweka hali ya ndegeni. Mwezi uliopita nililala kwake. Saa mbili kasoro aliishusha, akachomeka waya wa masikioni ili redio ishike, akaweka spika, tukasikiliza taarifa ya habari. Ilipofika matangazo ya biashara, alinyoosha mkono akaizima. Chaji ilikuwa asilimia 71.