Hirizi ya Maji

Tukuyu, Jumapili jioni

Kwako mpwa,

Huku nyumbani wote wazima. Mama yako goti linamsumbua, ila kwaya hakosi. Bei ya viazi imeshuka, na dada yako mdogo ameanza mafundisho ya kipaimara.

Habari iliyomnyima mjomba wako usingizi ilipita kwanza sokoni, kisha ikaja mpaka kibarazani. Inasemwa ajira yako imetoka, umepangiwa shule ya msingi mwambao wa Ludewa, na kwa kuwa huko hufikiwa kwa boti, umejikalia Kyela unatazama mawimbi huku siku za kuripoti zikikwisha. Inasemwa pia kwamba ulipelekwa kwa mganga, ukafungwa hirizi mbili kiunoni, moja ya maji na nyingine ya wachawi wa huko uendako. Kama ni uzushi, barua hii itumie kuwashia moto. Kama ni kweli, kaa chini usome mpaka mwisho.

Kuliogopa ziwa si kosa. Nyasa ina kina cha mita 700 hivi, na mwera ukivuma hata wavuvi waliozaliwa Matema huvuta mitumbwi yao nchi kavu. Daudi mwenyewe, katika Zaburi ya 56, hafichi kwamba ameogopa, na papo hapo anataja anayemtumainia. Hofu yako mjomba wako haioni ajabu. Kinachomuuma ni mlango uliokwenda kuubisha, wewe uliyekulia katika nyumba ya mzee wa kanisa.

Basi sikiliza habari za msomi mmoja aliyeogopa maji kuliko wewe.

John Wesley alikuwa kasisi wa Kianglikana, mwana wa kasisi, tena mwalimu wa chuo huko Oxford. Mwezi Oktoba 1735, akiwa na miaka 32, alipanda meli iitwayo Simmonds kwenda Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika, akawahubirie wenyeji. Melini walikuwamo pia Wamoravian 26, Wakristo wa lugha ya Kijerumani, wakiongozwa na askofu wao, David Nitschmann, ambaye kwa ufundi alikuwa seremala. Wesley alivutiwa nao hata akaanza kujifunza Kijerumani ili aweze kuzungumza nao.

Alichokiona mapema kwa watu hao kilikuwa kidogo, na hapo ndipo mjomba wako anapotaka ukae. Waliwafanyia abiria wengine kazi za chini ambazo hakuna Mwingereza aliyezitaka. Wakipewa ujira walikataa. Wakisukumwa au kupigwa waliinuka wakaenda zao bila kulalamika. Safari ilikuwa ya miezi, na hali yao ilikuwa hiyohiyo.

Jumapili ya Januari 25, 1736, dhoruba ikawashukia. Wamoravian walikuwa wameanza ibada, zaburi i midomoni, bahari ilipoifunika meli, ikalipasua tanga kuu na kumwaga maji hadi sitaha ya chini. Waingereza wakapiga mayowe. Wajerumani wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa, akajibiwa kwa shukrani kwamba hapana. Akauliza habari za wanawake na watoto, jibu likawa lilelile: hata hao hawakuogopa kufa. Wesley aliyaandika haya katika kumbukumbu zake, kwa maana yeye mwenyewe, pamoja na mahubiri yake yote, alikuwa anakiogopa kifo.

Mpwa, usidhani watu wale walipewa ujasiri jioni ile. Waliingia nao dhorubani. Walikuwa wameuzoea tangu zile kazi za chini na yale makofi yasiyorudishwa. Aliyekwisha kumwachia Mungu heshima yake kila asubuhi hakuwa na kigeni cha kumwachia wimbi lilipokuja.

Wesley naye hakupona siku moja. Huko Georgia, Mmoravian August Spangenberg alimwuliza kama anajua kwamba Kristo amemwokoa yeye mwenyewe. Akajibu anajua, kisha akaandika kwamba aliyahofia maneno yake kuwa matupu. Alirudi Uingereza mwaka 1738 kazi yake ya Georgia ikiwa imeharibika. Ni Mei 24 ya mwaka huo, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate jijini London, alipopata uhakika aliokuwa akiutafuta. Toka dhoruba mpaka siku ile ni zaidi ya miaka miwili, na hata baada ya hapo mashaka yalimrudia mara kwa mara. Lakini mwaka 1743 huko Wednesbury, Uingereza, kundi la watu wenye hasira lilipomburuta usiku, aliomba akiwa katikati yao, akatoka hai.

Sasa ilinganishe njia hiyo na ya mganga wako. Bila shaka amekwambia hirizi isiguse maji ya kuoga, isionwe na mwanamke, na baada ya muda irudishwe ikatiwe nguvu, pamoja na jogoo na pesa. Mwanzoni uliliogopa ziwa peke yake. Leo unaogopa ziwa, unaogopa kuoga, na unaogopa mganga asije akakasirika.

Wala mjomba wako hakuahidi kwamba boti halizami. Wamoravian wanne waliokuja kuanzisha kazi hapa Rungwe mwaka 1891 walipitia Ziwa Nyasa hilohilo. Georg Martin, mmoja wao, alifariki mwaka uleule. Wenzake walimzika wakaendelea. Walitumaini kwamba wapo mikononi mwa Mungu wakiwa hai na wakiwa wamekufa, na kanisa ulimobatizwa limetokana na hao.

Kumtumaini Mungu hakukukatazi kuuliza hali ya hewa. Wavuvi wakisema ngoja, ngoja. Boti likijaa kupita kiasi, shuka, hata kama nauli umekwisha kulipa. Vaa jaketi la kujiokoa na usione haya kwa kuwa wengine hawalivai.

Ukifika, ripoti kwa mwalimu mkuu, kisha kamsalimu mwenyekiti wa kijiji. Mikopo ya kausha damu usiiguse. Mke usimtafute kwa haraka. Watoto wa huko wasikusikie ukitaja uchawi kila mmoja wao anapougua.

Tena kuna neno ambalo mjomba wako angelinyamazia. Kikao cha ada ya chuo kilipoitishwa, baba zako wakubwa walitazama sakafu. Mtamba uliouzwa ulitoka zizi gani unakumbuka. Hadai shukrani, ila hakumuuza ili mwalimu aliyesomeshwa hivyo ashinde Kyela akinunua vibuyu.

Hizo hirizi zivue mwenyewe, usimtume mtu. Mchungaji wa usharika wa hapo Kyela amekwisha kuelezwa kwamba utakuja kuombewa, na hakuambiwa sababu. Mama yako pia hajui. Akipiga simu mwambie boti lilichelewa, na kwa kuwa huo ni uwongo, panda lijalo wavuvi wakiridhia. Nauli imetumwa kwenye simu yako pamoja na ya kutolea.

Ni mjomba wako.