Starlet ya mzee mmoja wa Panda

Likasi ni muji wa vilima. Ukitoka Lubumbashi unafuata barabara kubwa kilometa karibu 120, na kadiri unavyokaribia muji, udongo unapanda na kushuka, na motokari inaanza kusema ukweli wake. Ile iliyotembea vizuri mahali pa tambarare, hapa ndipo inapiga kikohozi. Wazee wakijisahau bado wanaita muji huu Jadotville, jina lake mpaka mwaka 1966. Watoto wao wanacheka, kwa sababu wao hawajui jina lingine isipokuwa Likasi.

Wasomaji wetu wa Kolwezi na Kipushi wanajua vema kwamba muji wa migodi haukai kwa migodi peke yake. Lazima kuwe mahali pa kutengeneza vyombo vya kuchimbia. Kwa Gécamines, na mbele yake kwa Union Minière, mahali hapo palikuwa Panda, mtaa wa Likasi wenye karakana kuu. Pale chuma kiliyeyushwa, kikachongwa, kikaunganishwa. Kijana aliyeingia Panda kujifunza turu alijifunza kwanza kupima, mwezi baada ya mwezi, kabla ya kuachiwa mashine. Kuanzia mwaka 2003, wakati wa mpango ule ulioitwa « départ volontaire », watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi ya Gécamines. Vyuma vilibaki kiwandani, lakini mikono ilikwenda nyumbani. Ukipita Panda siku ya posho asubuhi utaisikia: huku nyundo, huku tupa, kule mtu anajaribu injini.

Katika uwanja wa nyumba moja pale kuna mzee ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa turu. Siku za kazi anatengeneza mashine za watu za kusaga mahindi, na kutoka hapo wanakula. Siku ya posho ni ya Starlet. Hataki kuiuza, hataki kuifanya taxi. Mama wa nyumba anaiita mke-mwenza, tena anasema kwamba mke-mwenza huyu anapata mafuta mazuri kuliko yeye.

Toyota Starlet mnaijua. Ni ile motokari ndogo yenye mkia mfupi, mlango wa nyuma ukifunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Toyota iliacha kutengeneza Starlet mwaka 1999, na nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Hii ya mzee ni ya aina ya EP82, iliyotoka Japani miaka ya kwanza ya 1990. Injini yake ni ya sentimeta 1,331, na motokari nzima haipiti sana kilo 800. Ilikuja okazioni, kama nyingine nyingi: meli mpaka Dar es Salaam, halafu Tunduma, Zambia yote, na mwisho Kasumbalesa. Hapo mpakani unaacha kutembea upande wa kushoto wa barabara, unaanza kutembea upande wa kuume. Dereva anabadilisha upande kwa dakika moja. Volani ya motokari haibadiliki, inabaki kuume kama ilivyotoka Japani. Kumbukeni neno hili, tutalirudia.

Kupamba na kuboresha motokari ndogo za zamani si jambo la Katanga peke yake. Ulaya walianza hasa na Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976, na Afrika Kusini walichukua ile ile Golf ya kwanza, wakaendelea kuitengeneza kule Uitenhage kwa jina la Citi Golf kutoka 1984 mpaka 2009, na mpaka leo vijana wa kule wanaishindania. Desturi yao ni kuishusha motokari karibu na udongo na kuipa bomba la moshi lenye sauti. Vijana wetu wanaiga. Utaona Starlet imeshushwa, nayo inapita shimo la avenue kama mama mjamzito, pole pole na kwa mshazari. Mimi sioni faida yake. Na kelele ile, wakati watu wanalala, ni kelele tu.

Mzee wa Panda alifanya kinyume. Aliipandisha. Alichonga vipande vinne vya chuma kwenye turu, akaviweka juu ya amortisere, motokari ikaenda juu sentimeta tatu. Nikamwuliza kwa nini si kumi, kwa maana barabara zetu zinajulikana. Akanionyesha kardani. Ukipandisha sana, kardani inafanya kazi ikiwa imepinda, mpira wake unapasuka, vumbi linaingia, na baada ya miezi michache unasikia ka-ka-ka kila unapokata kona. « Baba pasta, » akasema, « kila kitu iko na kipimo yake. Tatu inatosha. »

Halafu alikwenda kwenye fre. Hapo alitumia feza kuliko mahali pengine pote, na majirani walimshangaa, kwa sababu fre hazionekani wala hazisikiki. Aliondoa disiki ndogo za mbele, akaweka kubwa zaidi kutoka Toyota nyingine, zenye nafasi ya hewa katikati ili zisishike moto mtelemkoni. Disiki kubwa ikadai jante kubwa, na jante kubwa ikadai mipira mingine. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda, ukigusa kimoja umegusa vitatu. Mafuta ya fre anabadilisha kila miaka miwili, hata kama yanaonekana mazuri, kwa sababu mafuta yale yanakunywa maji ya hewani pole pole. Siku fre zikipata moto sana maji yale yanachemka, na pedali inakwenda chini bila kitu. Anapenda kuwaambia vijana hesabu hii: ukitembea 80 badala ya 40, hauhitaji nafasi mara mbili ya kusimama, unahitaji mara nne.

Wao wanamwuliza habari za turbo. Ni kweli kwamba kuna Starlet iliyotoka Japani na turbo, yenye injini ya ukubwa ule ule na nguvu farasi 135, wakati hii ya kawaida ina 100 hivi. Tena Likasi iko mita karibu 1,300 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ndiyo sababu kilima kinauma. Kijana mmoja alitaka kununua turbo peke yake na kuifunga kwenye injini ya kawaida. Mzee alichukua chaki akaandika ukutani: 9.6 na 8.2. Namba ya kwanza ni kiasi injini ya kawaida inavyobana hewa yake, ya pili ni ile ya turbo. Injini ya turbo ilijengwa kubana kidogo, kwa kuwa inapokea hewa ambayo imekwisha kubanwa. Ukisukuma hewa ile katika injini ya kawaida bila kubadilisha kitu kingine, pistoni zitavunjika. Chaki ile bado iko ukutani, naye amekataza watoto wasiifute.

Jambo moja lilinishangaza. Karibu kila motokari katika site zetu imeondolewa temostati, kile kifuniko kidogo kinachozuia maji ya radiatere mpaka injini ipate moto. Watu wanasema ni dawa ya injini inayochemka. Mzee alinunua mpya akairudisha. Aliisafisha radiatere kwanza, maana ugonjwa ulikuwa mule. Anaeleza kwamba temostati inafunguka kwenye digrii 80 hivi. Bila yake, injini inachelewa kupata moto, nayo komputa ya injeksio inafikiri bado ni asubuhi, inaongeza esanse bila kukoma. Tangu airudishe, anasema, esanse imepungua, na yeye ni mtu wa kuandika kila litri kwenye kaye.

Na mataa! Motokari ya Japani imetengenezwa kutembea kushoto. Mataa yake ya chini yanapandisha mwanga kidogo upande wa kushoto, kuonyesha ukingo wa njia na watu wanaotembea kwa miguu. Kwetu upande wa kushoto ndipo motokari zingine zinakuja. Kwa hiyo Starlet nyingi zinapofusha macho ya wengine usiku, na dereva anaona ajabu kwamba watu wanamtukana. Mzee alitafuta mataa ya Starlet ya Ulaya, yenye kioo kilichochongwa kwa upande wetu, akayapima usiku mbele ya ukuta wa jirani. Katika kazi zote alizofanya, naisifu hii kuliko nyingine, maana faida yake inakwenda kwa mtu asiyemjua.

Sasa turudi kwenye volani.

Nilisafiri nao mwaka jana kwenda Lubumbashi. Mzee kuume kwenye volani, Mama kushoto, mimi nyuma. Barabara ile mnaijua, kamyo zimebeba shaba kwenda Kasumbalesa, zingine zinarudi na asidi na mazuti, nyingine ina remorki mbili. Dereva aliyekaa kuume, akiwa nyuma ya kamyo, haoni kitu isipokuwa kamyo. Anayeona ni yule wa kushoto. Kwa hiyo Mama ndiye aliyekuwa macho. Alitoa kichwa kidogo, akatazama, akasema « Bado. » Tukangoja. Akatazama tena. « Bado, Baba, kamyo inakuya. » Mara nyingine alisema « Pita! » na mzee akapita bila kuuliza. Kwa miaka mingi wamesafiri hivyo.

Lakini safari ile alisema « Bado » mara nyingi mno. Nilitazama mbele naye, na njia ilikuwa wazi. Tulipofika tu, nikajua: Mama ameanza kupata mtoto wa jicho. Daktari amesema jicho moja litapasuliwa, lingine wangoje. Yeye mwenyewe hakuficha. « Mutu mweye anaona kidogo, » akasema, « asiseme pita. »

Mwana wao wa kwanza anaishi Kolwezi, naye hataki kungoja. Amepata garaji inayohamisha volani kwa siku tatu. Mzee alikwenda kutazama kazi yao. Wanakata chuma cha volani, wanakirefusha kwa kuchomelea. Nimesikia hata kuna mahali wanaacha kila kitu kuume na kupitisha mnyororo nyuma ya dashibodi, kama wa kinga. Mzee alirudi nyumbani bila kusema neno. Baadaye akamwambia mwanawe kwamba ameunganisha chuma miaka 30 na anajua chuma kilichounganishwa vibaya kinavunjika saa gani: saa unapokata kona kwa nguvu.

Njia yake yeye ni ndefu. Anataka kremayere ya volani ya kushoto, mzima, pamoja na fimbo yake, na pedali, na pompi ya fre inayokaa upande ule, na kipande cha ukuta wa chuma kati ya injini na miguu chenye matundu mahali panapostahili. Vyote kutoka Starlet moja iliyozaliwa na volani kushoto. Zile za Ulaya zipo chache kwetu, na zikianguka watu wanazigawanya kama nyama. Kremayere ameipata. Iko juu ya meza, imefungwa katika kitambaa chenye mafuta. Fimbo pia. Pedali ameahidiwa kutoka Lubumbashi. Mpaka hapo, wakisafiri wawili, hawapiti kamyo hata moja. Wanatembea nyuma yake, 40, 30, katika vumbi, na watu wa minibus wanawapigia honi.

Siku ya posho iliyopita nilimkuta ameshika kaliper, anapima ukuta ule wa chuma na kuandika kwenye kaye. Mama alikuwa amekaa karibu kwenye kiti, anachambua maharagwe kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Akamwuliza kama kazi ile itamalizika mbele ya mvua.

« Bado, Mama, » mzee akasema, akapima tena.