Feni Inazunguka, Skrini Inasema Sifuri

Chipu iliyonifanya nianze kusoma maelezo ya draiva inaitwa LM78. Iliundwa na National Semiconductor ya Marekani katika miaka ya 1990, ikakaa kwenye madabodi za zama za Pentium, ikipima volti kwenye njia saba, mwendo wa feni tatu na joto la mahali ilipobandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashine hizo zilitufikia Kariakoo zikiwa mtumba wa Ulaya. Zilikuwa zimezoea ofisi za baridi. Hapa zikawekwa kwenye vibanda vya bati, vumbi la mtaa likaingia mpaka kwenye pawasaplai, na umeme ukawa unayumba. Mteja analeta mashine, anasema inazima yenyewe. Sisi mafundi kipimo chetu kilikuwa kidole: gusa bati la kupozea prosesa, ukiruka, ni joto.

Programu ya lm_sensors, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Frodo Looijaard na Philip Edelbrock, ilitupa macho. Wakati ule draiva zake nyingi zilikuwa nje ya kerneli ya Linux, hivyo ilibidi uziunde mwenyewe, kisha usome namba kwenye saraka ya /proc. Namba zenyewe zilikuwa za ajabu. Nyaya za volti 12 zilisoma 3.16. Joto la kitu ambacho hakikuwepo lilisoma digrii 127. Feni inazunguka mbele ya macho yetu, skrini inasema sifuri, na fundi mwenzangu ameshashika bisibisi aing'oe.

Majibu yalikuwa kwenye faili za maandishi matupu zilizofuatana na draiva. Hapo ndipo nilipojua kwamba LM78 haihesabu mizunguko ya feni hata kidogo. Inahesabu mapigo ya saa yake yenyewe wakati feni ikizunguka, na hesabu hiyo haivuki 255. Ukitaka mizunguko kwa dakika, unagawa 1,350,000 kwa hesabu hiyo iliyozidishwa na kigawanyo kilichowekwa kwenye chipu. Kigawanyo kikiwa 2, feni yoyote iliyo chini ya mizunguko kama 2,650 kwa dakika huonekana imekufa. Kipandishe kiwe 4 au 8, feni inafufuka. Ila feni ya tatu kwenye chipu hiyo kigawanyo chake hakibadiliki, kwa hiyo feni ya polepole ukaiunge kwingine. Hayo yote mtu alikaa akayaandika, bila malipo, kwa ajili ya msomaji asiyemjua. Zile volti 12 nazo zina sababu: chipu haipimi zaidi ya volti nne na kidogo, basi mtengenezaji wa ubao huzipunguza kwa rezista mbili, na wewe unazirudisha kwa kuzidisha na 3.8.

Faili za zamani zilikuwa na sauti ya mtu. Mwandishi alisema wazi mahali alipokuwa anabahatisha. Asus walitumia chipu yao AS99127F, inayofanana na ya Winbond lakini si yenyewe, na waraka wake wa kiufundi haukutolewa kwa umma. Maelezo ya draiva yakakiri hivyo hivyo, kwamba waraka haupatikani. Abit nao walikuwa na chipu waliyoiita uGuru. Olle Sandberg na Hans de Goede waliichunguza kutoka nje, wakiipa amri na kutazama inajibu nini, mpaka Hans akaiandikia draiva, na kilichopatikana kikaandikwa kama waraka wa chipu usio na kiwanda nyuma yake. Faili hiyo imo ndani ya kerneli mpaka leo. Mimi naihesabu kuwa kati ya maandishi bora ya kiufundi niliyosoma, kwa sababu inamwonyesha msomaji njia iliyopitwa, pamoja na matokeo.

Kukosa maelezo kulikuwa na bei. Miaka hiyohiyo, kutafuta chipu za kupima kwenye baadhi ya laptopu za IBM ThinkPad kuliharibu yaliyomo kwenye kumbukumbu ndogo ya Atmel, 24RF08, na mashine ikakataa kuwaka kabisa. Onyo la ThinkPad likaandikwa kwenye faili yake yenyewe. Tangu siku nilipolisoma, sijawahi kuendesha programu ya kutafuta chipu kwenye laptopu ya mtu bila kusoma kwanza.

Kisha mambo yakapangika. Kerneli ya 2.6 ilitoka Desemba 2003, na draiva zilizoingizwa humo zikahamia mpango mpya: kila kipimo faili lake, namba kamili tu, volti kwa elfu yake na joto kwa elfu ya digrii. Digrii 45 zikawa 45000. Mwaka 2005 draiva za vipimo zikapata saraka yao, hwmon, na maelezo yake saraka yake. Jean Delvare, Mfaransa, aliitunza kazi hiyo kwa miaka, na baadaye mzigo mkubwa ukabebwa na Guenter Roeck. Kanuni ikawekwa kwamba draiva mpya ije na faili lake la maelezo, lenye vichwa vinavyojulikana: chipu zinazohudumiwa, anwani zinazokaguliwa, waraka unapopatikana, jina la mwandishi.

Nimewahi kuandika faili moja ya namna hiyo, kwa draiva ndogo. Vichwa vilijaa upesi. Kilichonichukua muda ni swali moja: pini hii imeungwa na nini? Chipu haijui. Anayejua ni aliyechora ubao. Nilieleza nilichokipima kwa mita kwenye ubao niliokuwa nao, na mkaguzi akanijibu kwa upole kwamba habari za ubao mmoja hazikai kwenye kerneli, zikae kwenye faili la mipangilio la mtumiaji. Kwa kanuni alikuwa na haki. Lakini fundi wa mtaani hafungui mafaili mawili. Anafungua moja, akikosa, anarudi kwenye kidole.

Mwaka 2019 faili zote za hwmon zilibadilishwa ziwe katika muundo wa maandishi uitwao reST, zipate faharasa na majedwali yasomekayo kwenye kivinjari. Kazi hiyo ya kuchosha iliongozwa na Mauro Carvalho Chehab. Sina ugomvi nayo. Jedwali linasomeka kuliko mistari iliyopangwa kwa nafasi. Nisichokipenda ni tabia iliyokuja na unadhifu: baadhi ya faili mpya ni orodha ya majina tu, temp1_input ni joto la kwanza, temp2_input la pili. Hilo hata jina lenyewe limeshasema. Viungo vya nyaraka navyo vilianza kufa. National Semiconductor ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011, na anwani za national.com zilizokuwa zimejaa kwenye faili zile zikabaki kama namba za simu za nyumba iliyobomolewa.

Hata hivyo wapo wanaoandika kama zamani. Soma maelezo ya k10temp, draiva ya prosesa za AMD. Yanakuambia mapema kwamba namba iitwayo Tctl si joto halisi la kitu chochote unachoweza kugusa. Iko kwenye kipimo cha kubuni, ya kuendeshea mfumo wa kupoza. Ryzen 7 1800X ya mwaka 2017 ilikuwa inaongeza digrii 20 nzima juu ya joto lake. Asiyejua hilo angefuta pesti nzuri ya prosesa na kupaka nyingine bure.

Kwa hiyo, kijana uliyeko kwenye meza ya ufundi leo, ukikuta namba ya skrini haikubaliani na mita yako, usinyamaze. Andika jina la chipu, toleo la kerneli, namba uliyoisoma na ile uliyoipima, kisha uwatumie watunzaji wa hwmon. Kiingereza cha kuungaunga wanakipokea. Mstari mmoja wa kweli kuhusu mahali chipu inapodanganya wataufanyia kazi, na fundi mwingine hatang'oa feni nzima.