Ufunguo usio na meno

Katika parokia yetu yuko mzee mmoja, shofere wa zamani, ambaye mkono wake wa kuume umepindika kidogo hapo juu ya kiganja. Watoto humwuliza: «Babu, uliumwa na nini?» Naye hujibu: «Nilipigwa na motokari.» Watoto hucheka, maana wanajua kwamba motokari hugonga watu, haipigi watu. Lakini mzee anasema kweli. Alipigwa na manivela.

Sisi tuliozaliwa baada ya mwaka 1985 hatukuona manivela ikifanya kazi. Ilikuwa chuma kilichokunjwa mara mbili. Mtu alikichomeka mbele ya motokari, akakizungusha kwa nguvu mpaka mashine ishike. Mzee alianza kazi mwaka 1962, msaidizi wa shofere juu ya kamioni ya esanse, naye alikuwa na miaka 16. Kamioni ile ilikuwa na bateri, lakini bateri imechoka, basi kila asubuhi ilikuwa kazi ya manivela. Shofere alimfundisha neno moja tu: kidole gumba kisikumbatie chuma, kikae upande mmoja na vidole vingine. Kwa nini? Kwa sababu pengine moto wa mashine huwaka kabla ya wakati wake, na manivela hurudi nyuma ghafula kama teke la punda. Siku moja mzee alisahau.

Mwamerika Charles Kettering ndiye aliyetafuta dawa ya taabu ile. Kwanza alikuwa ametengeneza mota ya umeme kwa ajili ya mashine za kuhesabia fedha madukani. Akaona kwamba mashine ya motokari haitaki kuzungushwa siku nzima. Yataka nguvu nyingi kwa sekunde chache tu, na mota ndogo yaweza kutoa nguvu hiyo, mradi isidumu. Kampuni ya Cadillac ilitia chombo chake katika motokari zake za mwaka 1912. Hata hivyo, miaka 50 baadaye manivela ilikuwa ingali chini ya kiti cha kamioni ya mzee wetu. Ndiyo maana hatupendi sana vitabu vinavyosema kwamba kitu fulani «kilikuja» mwaka fulani. Kilikuja wapi? Kwa nani?

Mzee husimulia zaidi habari za mvua. Katika kamioni ile fimbo za kufuta kioo hazikuendeshwa na umeme. Ziliendeshwa na pumzi ambayo mashine inaivuta ndani. Shofere akikanyaga sana, pumzi ile hupungua. Basi tazameni: kamioni inapanda mlima wa Ngomo, mzigo umejaa, mvua inapiga, shofere amekanyaga mpaka chini, na papo hapo fimbo zinasimama! Akilegeza mguu ili aone njia, kamioni inataka kurudi nyuma. Wakati wa kushuka, wakati hakuna haja, fimbo zinakimbia kama wazimu. Kazi ya kijana ilikuwa kusimama juu ya kikanyagio cha mlango, mkono mmoja ukishika dirisha, mwingine ukifuta kioo kwa kitambaa. «Mimi ndimi niliyekuwa fimbo,» asema mzee.

Aliyebuni fimbo hizo ni mwanamke, Mary Anderson wa Alabama, huko Marekani. Alikuwa mgeni mjini New York wakati wa baridi, akamwona mwendeshaji wa tramu akifungua kioo chake ili aone njia, na barafu inampiga usoni. Mwaka 1903 akapewa hati ya serikali kwamba ufundi ule ni wake: fimbo yenye mpira, inayovutwa kwa mkono kutoka ndani. Mwaka 1905 aliionyesha kwa kampuni moja ya Kanada, nayo ikamjibu kwamba haina faida ya kuuzwa. Hati ikaisha muda wake, na mama yule hakupata kitu. Baadaye akatokea Robert Kearns, mtu mwenye jicho moja zima, aliyetaka fimbo zifute, zipumzike kidogo, zifute tena, kama kope za macho. Aliwaonyesha watu wa Ford. Mwaka 1969 kampuni hiyo ilitoa motokari zenye chombo cha namna hiyo, bila yeye. Akaenda mahakamani mwaka 1978, akalipwa dola milioni 10 na zaidi mwaka 1990. Miaka 12 ya kesi kwa ajili ya kupumzika kwa fimbo! Mzee aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa, akauliza kama yule mama wa Alabama naye alilipwa. Tukamwambia hapana.

Vyombo vingine vya raha tuvipite upesi. Usukani unaosaidiwa na mashine uliuzwa na Chrysler mwaka 1951. Mabega ya mzee yalikuja kuujua baadaye sana. Hewa ya baridi ilitiwa katika motokari za Packard za mwaka 1940, lakini ili kuizima ilibidi mtu asimamishe motokari, afungue kifuniko cha mashine, avue mkanda. Ralph Teetor, ambaye alikuwa kipofu tangu utoto, alibuni chombo cha kushika mwendo mmoja bila kukanyaga, kwa sababu mwendo wa rafiki aliyemchukua ulimchosha: mara upesi, mara polepole. Kwetu sisi chombo hicho ni pambo tu. Nani atashika mwendo mmoja juu ya mashimo?

Sasa tufike kwenye ufunguo. Mwaka 1982 Renault ilitoa motokari ambayo milango yake hufunguka kwa kubonyeza kitufe kutoka mbali. Baada ya miaka ufunguo wenyewe ukapoteza meno: mtu anautia mfukoni, anakanyaga freni, anabonyeza kitufe, mashine inawaka. Motokari ya parokia yetu ni ya namna hiyo. Ilitoka Japani, imekwisha kutumika, usukani uko kuume ingawa huku kwetu twapita kuume, nayo hubadili gia peke yake. Ilipofika, wakristu waliipigia vigelegele.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne, mwaka 2022, mvua ilikuwa nyingi. Mkubwa wa shirika moja akatugongea mlango. Mama mmoja alikuwa katika uchungu tangu asubuhi, mtoto hatoki, na mwuguzi alisema apelekwe hospitalini, kilometa 40. Padri alikuwa safarini, ufunguo alituachia sisi. Mume wa mama yule akauliza: «Mwalimu, motokari ni nzima?» Tukamjibu: «Ni nzima kabisa.»

Tukamlaza mama kwenye kiti cha nyuma. Tukabonyeza kitufe. Kimya. Tukabonyeza tena. Kimya, ila mbele ya usukani ilitokea picha ndogo ya ufunguo. Vijana wakaja ili wasukume, lakini kiwiko cha gia kilikataa kutoka mahali pake, na magurudumu hayakugeuka hata kidogo. Mzee naye akafika, jani la mgomba kichwani. «Itieni gia ya pili!» Tukamwambia: «Baba, haina gia ya pili.» Akazunguka mpaka mbele, akapapasa chini ya taa, akauliza polepole: «Tundu la manivela liko wapi?»

Hakuna aliyecheka.

Tulimchukua mama kwa machela, katika matope, mpaka kwa mfanyabiashara mmoja ambaye kamioni yake ndogo ya mazuti haikuwa na demareri zaidi ya mwaka, na kila jioni aliisimamisha kwenye mteremko. Tuliisukuma hatua ishirini, ikashika. Saa tatu zilikuwa zimekwisha kupotea. Mama alipasuliwa alfajiri, akakaa hospitalini majuma matatu. Mtoto ni msichana, naye anaishi.

Juma lililofuata tukampelekea fundi wa mjini ule ufunguo. Hakufungua hata kifuniko cha mashine. Aliuchukua, akauegemeza kwenye kitufe, akakanyaga freni, akabonyeza. Mashine ikawaka. Akatueleza: bateri ndogo ya ufunguo, mviringo kama sarafu, imekwisha, lakini ndani yake mna kidude kingine kisichotaka bateri, na motokari hukitambua kikiwa karibu sana. Tena akavuta kando ya ufunguo, ukatoka ufunguo wa chuma, wenye meno, wa kufungulia mlango. Ulikuwamo siku zote. Kitabu cha maelezo kilikuwa katika sanduku la motokari tangu siku ya kwanza, kwa Kijapani, na hatukumtafuta mtu wa kutusomea. Tulipiga vigelegele tu.

Tulikaa miezi miwili bila kumwambia mume wa mama yule. Tuliona haya. Mwisho tukaenda kwake, tukamweleza yote. Alinyamaza sana. Kisha akasema: «Nionyeshe.» Tukamwonyesha mara tatu, naye akafanya mwenyewe mara tatu, mashine inawaka na kuzimwa, na msichana wake mgongoni mwa mama anatazama. Sasa watu sita katika parokia wanajua kufanya hivyo, mzee akiwa mmojawapo, na bateri mbili za akiba zimo katika kijaluba karibu na simu ya Padri.

Hata hivyo, kila jioni sisi twaisimamisha motokari ile kwenye mteremko, kichwa kikitazama chini. Twajua kwamba haisaidii kitu, maana yenye gia za namna ile haiwashwi kwa kusukumwa. Mzee akipita hutuona, hutikisa kichwa, halafu huokota jiwe na kuliweka nyuma ya gurudumu. «Si nyuma, Baba,» twamwambia, «yaelekea mbele.» Naye hulihamisha.