Yai Lililouzwa Mara Saba

Wajukuu wangu huona mnada wa sadaka kuwa ni kucheleweshewa chakula cha mchana. Mimi sitoki mpaka kitu cha mwisho kipate mnunuzi. Nina deni na mnada tangu Pasaka ya 1979.

Kwetu ni kaskazini ya Mto Kagera, si mbali na Kyaka. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, nilikuwa na miaka 12. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanitwika sufuria, tukaondoka. Daraja la Kyaka tuliliwahi kabla halijalipuliwa. Nyuma tuliacha migomba, kahawa iliyoanikwa na ng'ombe sita wa Baba. Ng'ombe hao hatukuona tena hata kwato.

Tulipokewa na ndugu wa Mama upande wa Bukoba, tukalala watu 19 nyumba moja. Novemba kwetu ni msimu wa senene, na vita haikuwazuia. Tuliwakamata usiku, tukawakaanga bila chumvi. Mwinjilisti wetu, aliyekuwa amekimbia na kanzu na kitabu cha nyimbo tu, aliombea sufuria kwa maneno machache: "Bwana, asante. Hukusahau njia ya kuja huku." Tukacheka, tukala.

Kicheko hicho hakikukaa. Mdogo wangu alipata surua, akafa siku chache kabla ya Krismasi, tukamzika katika shamba la watu. Mama akaacha kuimba. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya. Sasa alikaa ibadani amefumba midomo. Wapo waliomwambia ashukuru kwa yote. Mwinjilisti hakumwambia hivyo. Alikuja jioni, akakaa naye wakimenya ndizi, akaenda zake. Siku moja nilimsikia akisema, "Mama, usipoweza kuimba, wewe njoo tu. Tutakuimbia sisi."

Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati ule. Hilo ndilo ninalolikumbuka.

Tulirudi nyumbani Machi, jeshi letu likiwa limekwisha kuingia Uganda. Kanisa tulilikuta kuta tupu: bati zimeng'olewa, madawati yamechomwa, kengele haipo. Vijana wakatundika rimu ya lori lililoungua, nayo ikawa kengele. Tarehe 11 Aprili redio ikatangaza kwamba Kampala imetekwa. Jumapili iliyofuata, tarehe 15, ilikuwa Pasaka.

Mvua ya masika ilinyesha toka asubuhi. Tulikaa juu ya mawe, kila mtu na jani la mgomba kichwani, na mwinjilisti akahubiri kwa kupaza sauti ili ashinde mvua. Sadaka ilikuwa ya vitu, maana fedha hazikuwapo: mihogo, maharage kikombe kimoja, kuni. Mama alitoa yai. Tulikuwa na kuku mmoja, na lile lilikuwa yai lake la kwanza.

Mzee wa kanisa akaliinua. "Yai la Pasaka! Nani ana shilingi?" Mtu akalinunua kwa shilingi 2, kisha akasema, "Nalirudisha, liuzwe tena." Wa pili akalinunua, akalirudisha. Wa tatu hivyo hivyo. Kila lilipoinuliwa watu walipiga vigelegele, mpaka tukaisahau mvua. Mara ya saba sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa askari kijana aliyesimama kujikinga ukutani. "Mimi Mwislamu," akasema, "lakini naruhusiwa kununua?" Akatoa noti ya shilingi 20, akapita katikati ya watu, akamkabidhi Mama yai lake. "Shika, Mama. Na mimi nina mama Tanga."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Baadaye, wakati wengine wameanza kutawanyika, akaanzisha wimbo ambao sisi tulikuwa tumekwisha kuumaliza. Ikabidi turudi kuuimba upya.

Wako wanaosema imani huondoa huzuni. Ya Mama haikuondolewa. Hadi anafariki, kila msimu wa senene alitenga kijiko kimoja, na hatukuuliza ni cha nani. Furaha na huzuni zilikaa ndani yake kama wapangaji wawili wa nyumba moja, na kila mmoja alijua chumba chake. Nilichojifunza Pasaka ile ni kwamba tumaini mtu anaweza kushikiwa na wenzake, mpaka mikono yake ipate nguvu ya kulipokea.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni. Sukari, sabuni, chumvi, vyote kwa foleni, na bati hata kwa foleni hazikupatikana. Kanisa letu liliezekwa mwaka 1984. Katika daftari la mweka hazina, mstari wa kwanza wa mchango wa bati unasema: yai moja, shilingi 47.