Masikio ya Mbuzi

Wahenga walinena, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nimerejea ngamani, tena kwa aibu. Nisikilize, ndugu msomaji.

Siku hiyo mwalimu wetu wa Biolojia alituletea picha za kima wa jamii ya makaki waishio Sulawesi, kisiwa cha Indonesia kinachopitiwa na ikweta kama nchi yetu. Wako wa aina saba. Yule wa ncha ya kaskazini ni mweusi tititi, ana na kishungi kichwani. Wa kusini-magharibi ni wa kahawia iliyokolea. Wa kusini-mashariki ana mwili mweusi na miguu ya kijivu, utadhani kavaa soksi za shule!

"Tofauti hizi zilitoka wapi?" mwalimu akauliza.

Nikasimama mbio. "Jua, Mwalimu! Walioungua sana walizaa watoto weusi."

Rafiki yangu, ambaye tulikuwa tukikaa dawati moja, akasema polepole, "Si hivyo. Mbuzi wetu tunawatoboa masikio kila mwaka, mbona watoto wao huzaliwa na masikio mazima?"

"Kaa chini, mjinga wewe!" nikafoka. Darasa zima likaangua kicheko. Akakaa. Wiki mbili hatukusemezana. Hata githeri alienda kuila meza nyingine.

Nikaingia maktaba kutafuta silaha ya kummaliza. Lo! Kumbe mababu wa kima hao walivuka bahari kutoka upande wa Borneo, ambako jamaa zao ni wa kahawia hadi leo. Sulawesi nayo ina mikono mirefu, imetapakaa kama herufi K. Makundi yakatengana, kila moja na mkono wake. Mabadiliko madogo yakazuka katika chembe za urithi. Mengine yakaenea kwa bahati tu, mengine kwa kuwa yaliwafaa wenyewe. Gloger, Mjerumani, aliandika tangu 1833 kwamba wanyama wa sehemu zenye unyevu huelekea kuwa na rangi nzito. Na mipakani, aina mbili zikikutana, huzaana, wakapatikana watoto wa rangi mchanganyiko. Ni ndugu hao!

Basi hakuna aliyeunguzwa na jua. Mjinga alikuwa mimi.

Jioni nilimfuata bwenini. "Bwana, nisamehe. Masikio ya mbuzi wenu yamenishinda."

Alinyamaza kitambo, kisha akacheka. "Wacha hayo. Hebu lete hicho kitabu."

Tulisoma pamoja hadi kengele ya kulala. Tukafika mahali palipotunyamazisha: yule mweusi mwenye kishungi, tangu 2008, amewekwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Watu humwinda kwa nyama, na misitu yake inakatwa. Rangi iliyochukua maelfu na maelfu ya miaka kupatikana yaweza kufutika katika umri wa mtu mmoja.

Urafiki nao ni vivyo hivyo. Neno moja tu, na wangu ulikuwa karibu kufutika.