Mchagua Jembe na Cherehani Kuukuu

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, na kwayo tumewakaripia wanafunzi wengi, wale ambao kalamu haiwatoshi wala daftari haliwaridhishi, na insha haiandikwi. Kumbe maneno hayo yalikuwa yakitungojea sisi wenyewe.

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mshonaji wa mifarishi hapa Bujumbura tangu siku zile mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Alikusanya mabaki ya vitenge kwa mafundi wa nguo, akayakata miraba, akayaunga. Kisha akatia blanketi kuukuu katikati na shuka chini, akazishona tabaka zote tatu kwa cherehani yake ya mkono. Sisi, tukiwa wadogo, ndio tuliozungusha gurudumu. Alipofariki, cherehani ile ilichukuliwa na dada yetu, akawa akishonea katika kibanda chake kwenye soko kuu. Tarehe 27 Januari 2013 soko hilo liliungua, na cherehani ikateketea pamoja nalo. Kwetu ulibaki mfuko mmoja wa mabaki ya vitenge ambao mama aliuacha chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo tukawa na udhuru. Kila tulipoulizwa mbona hatushoni, tulijibu kwamba bado tunatafuta cherehani ifaayo. Hii tuliiona ghali, ile dhaifu, nyingine ni ya umeme, na umeme wenyewe hukatika. Miaka ikapita. Siku tuliyoufungua mfuko ule tulikuta panya amekwisha kuanza kazi ambayo sisi hatukuianza. Siku hizo hizo ikaja habari kwamba mpwa wetu, aliyeolewa katika milima ya Mugamba ambako usiku una baridi kali, anatarajia mtoto. Hapo tukaona haya, tukashika njia ya Buyenzi.

Buyenzi, kama wajuavyo wenyeji, ni mtaa wa Waswahili na wa mafundi. Kiswahili ndicho lugha ya uani na ya karakana. Mzee mmoja fundi alituwekea cherehani tatu mbele yetu. Sisi tukiita cherehani, yeye akiita mashini, na hakuna aliyemsahihisha mwenziwe.

Ya kwanza ilikuwa ya umeme, nyepesi, inang'aa. Fundi aliifungua ubavuni akatuonyesha magurudumu ya ndani: yalikuwa ya plastiki, na moja lilikuwa limekatika jino. "Mwalimu, hii itakushonea kanga," alisema. "Blanketi itaikataa."

Ya pili ilikuwa Singer ya zamani, ya mkono, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia. Ilifanana mno na ya mama. Mkono wetu ulikwenda wenyewe kwenye gurudumu. Lakini fundi akatoa bobini yake, nyembamba na ndefu kama kijiti, tena imeshika kutu. "Ni hii moja tu," akasema. "Siku ikipotea, utabaki na pambo la sebuleni."

Ya tatu ilikuwa Butterfly iliyotengenezwa Shanghai, ya kukanyaga kwa mguu, imebanduka rangi, meza yake imejaa makovu. Hatukuitamani hata kidogo.

"Mashini huulizwa kwa kazi," mzee akasema, akatupisha kitini. Kwa bahati tulikuwa tumechukua kipande cha tabaka tatu, kitenge, blanketi na shuka. Kwanza alituagiza tuzungushe gurudumu kwa mkono, polepole, kuelekea kwetu, tukisikiliza kama pana mkwaruzo. Halafu tuutikise kidogo mti wa sindano, kwani ukicheza cheze sindano haitapiga mahali pake. Kisha tuguse kwa kidole meno yanayosukuma kitambaa, maana yakiwa yamelika nguo nzito haitasogea. Mwisho tukashona.

Juu mshono ulinyooka. Tulipogeuza kitambaa, chini palikuwa na vitanzi vya uzi ovyo ovyo. Tukasema moyoni, afadhali, tumepata sababu ya kuikataa. Mzee akacheka. Akauchomoa uzi wa juu, akaupitisha upya kila mahali upasapo kupita, akakaza skrubu kidogo, akatuambia tushone tena. Vitanzi vikatoweka, fundo la nyuzi mbili likajificha katikati ya unene wa kitambaa. Kosa huonekana chini, lakini chanzo chake mara nyingi kiko juu. Sisi tunaosahihisha madaftari tungepaswa kulijua hilo zamani.

Bobini yake ni ya duara, na sindano yake ni ya namna inayouzwa kila mahali. Tuliitazama ile ya maua ya dhahabu mara ya mwisho, tukalipia ile yenye makovu.

Nyumbani tulipata shida nyingine. Tabaka ya juu ilibaki nyuma na kukunjamana, kwa kuwa meno husukuma tabaka ya chini tu. Ndipo tulipokumbuka kwamba mama hakuanza kushona kamwe kabla ya kupiga bandi kwa mkono, mistari mirefu kutoka katikati kwenda pembeni. Ujuzi huo haukuteketea sokoni. Ulikuwa vidoleni mwetu muda wote, ila hatukuuita.

Mfarishi ulikwisha kabla ya mtoto kuzaliwa, ukapanda Mugamba. Pembe moja imekwenda upande, na mraba mmoja una kiraka pale panya alipotafuna.

Ndugu walimu, twaamini sasa kwamba methali ile haimkatazi mkulima kupima makali ya jembe. Humwonya yule anayegeuza mpini huku na huku hadi mvua zipite. Sisi tulikuwa mkulima huyo, na tulisema kwamba tunaomboleza. Mfuko wa mama ungali nusu, na cherehani iko dirishani, imetiwa mafuta.